Safari ya Route 66 Imetugombanisha Kabla Hatujaondoka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Tanga, ninayeishi na kufanya kazi Indianapolis nchini Marekani. Ninakuandikia kuhusu marafiki zangu watatu niliosoma nao sekondari na kulala nao bweni moja, ambao hadi hivi karibuni nisingedhani kwamba tungeweza kununiana. Mmoja anaishi Houston, wa pili yuko Minneapolis, na wa tatu hajawahi kuhama Tanga. Huyu wa tatu amepata viza mwaka huu, na kwa ajili yake tulikubaliana kwamba mwezi Septemba tukodi gari Chicago na kuifuata barabara ya zamani ya Route 66 mpaka Santa Monica, California, inapokutana na bahari. Tulitenga siku kumi, kwa kuwa ndizo siku ambazo likizo zetu sote zilikutana.

Mgogoro ulianzia kwenye ratiba. Mwenzetu wa Houston, ambaye kipato chake kinatuzidi na subira yake haitufikii, alitumia kadi yake kuweka nafasi hotelini kwa safari nzima bila kutuuliza, na hoteli zote alizochagua ziko kando ya barabara kuu za mwendo kasi. Anataka tuimalize njia kwa siku sita ili zibaki siku nne za kustarehe Los Angeles. Nilipomweleza kwamba mgeni wetu anatamani kuiona barabara yenyewe, miji yake midogo na moteli zake zenye taa za neoni, alijibu kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba majengo yaliyochakaa yapo hata Handeni, na kwamba asiyeweza kuendesha saa kumi kwa siku abaki nyumbani kwake.

Jambo la pili ni usukani. Mkataba wa gari una jina langu peke yangu, kwa sababu kampuni inatoza ada ya kila siku kwa dereva wa ziada. Wa Houston anasema atanipokea nikichoka, na mgeni naye atatusaidia, kwa kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Majina yao hayana haja ya kuandikwa, maana nani atajua? Mgeni wetu ana leseni ya Tanzania na anaendesha vizuri, lakini hajawahi kuendesha upande wa kulia wa barabara.

La tatu ni fedha. Mwenzetu wa Minneapolis hajatoa hata senti moja, na kila nikigusia mchango hunijibu kwamba tutahesabiana tukirudi. Yeye haendeshi gari kabisa. Aliwahi kutuuliza kundini kama wanawake Weusi wanne tutakuwa salama katika miji midogo ya huko, na wa Houston akamcheka, akasema hiyo ndiyo sababu nyingine ya kupita haraka. Baada ya hapo akaanza kumwita "abiria" mbele ya wote. Sasa mwenzetu anasoma ujumbe wetu na hajibu.

Mume wangu ananishauri nijitoe. Nikijitoa gari halipo, na mgeni atakuwa amevuka bahari kuja kukaa sebuleni kwangu. Nikienda katika hali hii, nahofia kwamba tutarudi kila mtu na njia yake. Nifanye nini?

Mshika Usukani, Indianapolis

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu.

Usijitoe, angalau si kabla ya kuzungumza na kila mmoja wao peke yake. Barua yako ina malalamiko matatu, lakini ukiyatazama vizuri utaona kwamba la kwanza ndilo lililozaa mengine. Mlikubaliana mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia, mkaacha kukubaliana mnakwenda kufanya nini katikati. Mwenzenu wa Houston anakwenda Los Angeles. Wewe na mgeni mnakwenda Route 66. Hizo ni safari mbili zilizopangiwa gari moja, na ndiyo maana kila neno linalosemwa kuhusu hoteli, dereva au mchango linapokewa kama tusi.

Nianze na hesabu, kwa sababu hesabu haina rafiki wala adui. Route 66 ilikuwa na urefu wa takriban maili 2,448, yaani karibu kilomita 3,940, kupitia majimbo manane. Ukizigawa kwa siku sita unapata zaidi ya maili 400 kila siku. Kwenye barabara ya zamani, yenye taa za mijini, vivuko vya reli, viraka vya lami na vipande vinavyokulazimisha kugeuza gari na kurudi ulikotoka, mwendo wa wastani wa maili 35 kwa saa si wa kizembe. Nao unamaanisha kukaa kwenye usukani kwa zaidi ya saa kumi na moja kila siku, bila kula na bila kushuka kupiga picha. Kwa siku kumi kamili ni maili 245 kwa siku, ambazo ni muda wa saa saba. Kwa hiyo rafiki yako hajakosea katika jambo moja: kwa siku sita hakuna namna nyingine ila barabara kuu ya mwendo kasi. Alilokosea ni kuendelea kuiita safari hiyo Route 66. Na wewe pia ukubali kwamba hata siku zote kumi hazitoshi kuifuata njia yote kwa raha, kwa kuwa waliozoea kuipita hutenga wiki mbili au zaidi.

Barabara hii ilipewa namba yake tarehe 11 Novemba 1926, hivyo mwaka huu wa 2026 inatimiza miaka 100, na Juni 1985 ilifutwa rasmi kwenye orodha ya barabara kuu za taifa baada ya barabara kuu za mwendo kasi za I-55, I-44, I-40, I-15 na I-10 kuchukua kazi yake kipande kwa kipande. Leo haipo kama mstari mmoja. Kuna mahali ambapo ni barabara kuu ya mji, mahali ambapo ni njia ya pembeni inayokwenda sambamba na I-40 huku malori yakivuma upande wa pili wa uzio, na mahali ambapo lami inaishia porini. Ramani ya simu nayo haitawasaidia sana, kwa sababu kazi yake ni kuokoa dakika: ukiiomba ikupeleke Tulsa, itakutoa kwenye njia ya zamani kila inapopata upenyo. Anahitajika mtu wa kukaa kiti cha mbele na kitabu cha maelekezo ya kona kwa kona, anayetazama vibao vya kahawia vya njia ya kihistoria na kusema mapema, "Hapa kushoto, kabla ya daraja." Kazi hiyo haiwezi kufanywa na dereva, na haiwezi kufanywa na mtu anayesinzia. Mkumbuke huyo mnayemwita abiria, nitamrudia.

Sasa lile swali la usalama, ambalo mlilipita haraka kuliko lilivyostahili. Aliyeliuliza hakuwa anatafuta kisingizio. Katika miji na kaunti nyingi zilizopitiwa na Route 66, Mtu Mweusi hakuruhusiwa kuonekana baada ya jua kuzama, na moteli nyingi ambazo leo zinapigwa picha kwa kupendeza kwake hazikumpa chumba. Ndiyo maana mwaka 1936 Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta aliyeishi Harlem, New York, alianza kuchapisha mwongozo uliojulikana kama Green Book, wenye orodha ya hoteli, migahawa na vituo vya mafuta ambako msafiri Mweusi angepokelewa, na mwongozo huo uliendelea kutoka hadi miaka ya 1960. Familia zilibeba chakula chao ndani ya gari, zikabeba na mafuta ya akiba, na mara nyingi baba aliendesha usiku kucha kwa sababu hapakuwa na pa kulala. Hao ndio waliopita haraka bila hiari yao. Mwambie rafiki yako wa Houston habari hiyo, tena bila ukali, kwa sababu inawezekana hajui kabisa.

Kati ya Tulsa na Oklahoma City, karibu na mji mdogo wa Luther, kuna jengo dogo la mawe lililokuwa kituo cha mafuta cha familia ya Threatt. Kilijengwa mnamo mwaka 1915, kabla hata barabara haijapewa namba, na kilimilikiwa na familia ya Weusi iliyowahudumia Weusi wenzao kwa mafuta na chakula walipokuwa hawana pengine pa kusimama. Kimeingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Huko Tulsa nako, kilomita chache tu kutoka kwenye njia yenu, uko mtaa wa Greenwood, ambao tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921 ulivamiwa na kuchomwa moto na umati wa Wazungu, ukiwa miongoni mwa mitaa ya Weusi iliyostawi kuliko yote nchini. Mimi nikiwa mgeni kutoka Tanga, nikaambiwa nichague kati ya saa tatu hapo na saa tatu za ufukweni Los Angeles, nisingefikiri mara mbili. Bahari ninayo nyumbani.

Kuhusu leo, sheria ya mwaka 1964 ilipiga marufuku hoteli na migahawa kumkataa mtu kwa rangi yake, na Weusi wengi husafiri njia hiyo kila mwaka. Hata hivyo muwe na busara za kawaida. Msiendeshe usiku kwenye vipande vya zamani, ambako wanyama huvuka na simu hukosa mtandao. Lala mahali mlipoweka nafasi, si mahali usingizi ulipowakuta. Kila mmoja awe na vitambulisho vyake mwilini na si ndani ya sanduku: mgeni pasipoti yake yenye viza, na mwenye ukaazi wa kudumu kadi yake, kwa kuwa sheria ya Marekani inamtaka mtu mzima aibebe kila wakati.

Ratiba ninayokupendekezea iko katikati ya mlizonazo. Tokeni Chicago mkiifuata barabara ya zamani kwa siku nne mpaka Oklahoma City, kwa sababu upande huo ndio wenye mambo mengi kwa maili chache: kaburi la Abraham Lincoln mjini Springfield, Illinois, daraja la zamani la Chain of Rocks juu ya mto Mississippi, ambalo sasa ni la watembea kwa miguu na baiskeli na lina kona katikati yake, zile maili 13 tu za jimbo la Kansas, kisha Tulsa na Luther. Kutoka hapo kubalini I-40 bila kinyongo kwa siku tatu. Texas na sehemu kubwa ya New Mexico njia ya zamani iko kando ya I-40 au imefunikwa nayo, hivyo hampotezi mengi, mradi mtoke kuangalia yale magari kumi ya Cadillac yaliyozikwa vichwa chini karibu na Amarillo tangu 1974, na mlale usiku mmoja Tucumcari, ambako taa za neoni anazozitaka mgeni bado zinawaka.

Halafu mrudi kwenye barabara ya zamani mji wa Seligman, Arizona, na msiiache mpaka Topock, kwenye mpaka wa California. Hicho ni kipande cha maili zipatazo 158 kisichokatika. Seligman penyewe pana kisa kinachowahusu. I-40 ilipofunguliwa Septemba 1978, magari yaliacha kupita mjini hapo siku hiyo hiyo, biashara zikafa, na kinyozi mmoja aitwaye Angel Delgadillo akakusanya wenzake mwaka 1987 wakaunda chama cha kuishawishi serikali ya jimbo iitambue barabara yao kuwa ya kihistoria. Wakafanikiwa, na majimbo mengine yakafuata. Mkiendelea mbele kwenye kipande hicho mtawakuta pia punda wa mji wa Oatman, wajukuu wa punda walioachwa na wachimba dhahabu, wakizurura barabarani na kuingiza vichwa kwenye madirisha ya magari. Mgeni wenu atawapiga picha kuliko kitu kingine chochote, nawe usishangae. Siku ya tisa mtafika Santa Monica, na siku ya kumi ni ya Los Angeles. Anayetaka siku nne huko aongeze za kwake baada ya wengine kurudi makazini. Na mgeni akiomba Grand Canyon, ambayo ni maili 60 kutoka mji wa Williams, Arizona, siku ya kumi itumike huko.

Kwenye usukani sitakubembeleza. Jembe mnalotaka kumpa mgeni halina bima. Dereva ambaye jina lake halimo kwenye mkataba akigonga, kampuni inaweza kukataa kulipa, na deni la gari, la matibabu na la mtu aliyegongwa likaja kwako uliyetia saini. Ada ya dereva wa ziada ni ndogo mno ukiilinganisha na hilo, na igawanywe kwa wanne kama mafuta yanavyogawanywa. Mwandikishe wa Houston. Mgeni naye mwandikishe ikiwa yeye mwenyewe anataka: kampuni nyingi hupokea leseni ya nje iliyo hai, na baadhi huomba kibali cha kimataifa cha udereva ambacho hutolewa nchini kwake kabla hajasafiri, kwa hiyo aulizie sasa. Aanze asubuhi, kwenye barabara tulivu ya mashambani Illinois, na wewe ukae pembeni yake. Hatari haiko kwenye barabara iliyonyooka. Iko pale anapotoka kituo cha mafuta akiwa amezoea kushika kushoto. Ile milima kati ya Kingman na Oatman, yenye kona kali na makorongo pembeni, iendeshe wewe.

Fedha ziwekwe kabla ya safari, na mali bila daftari hupotea bila habari. Gari, pamoja na ada ya kulirudisha mji mwingine ambayo huwashtua wengi, mafuta na vyumba viwe mchango wa pamoja unaokamilika kabla ya kuondoka; chakula kila mtu ajilipie. Hapo ndipo ninapomrudia mwenzenu wa Minneapolis. Mtu anayekwepa mchango, akauliza swali la kweli akachekwa, kisha akanyamaza, mara nyingi hana, na anaona aibu kusema mbele ya mwenye kadi ya Houston. Mpigie simu, usimwandikie. Usimuulize atalipa lini. Muulize anaweza kiasi gani bila kuumia, umwambie na kazi ya ramani inayomsubiri, kwa maneno hayo hayo niliyoyaeleza hapo juu, ili ajue kwamba bila yeye mtaishia I-44 tangu siku ya pili. Akisema ana nusu, mnaobaki mkubaliane kwa siri kubeba nusu nyingine au mkubali vyumba vya bei ya chini. Mimi ningechagua vyumba vya bei ya chini, kwa sababu msaada wa marafiki una tabia ya kutajwa siku ya ugomvi.

Baada ya simu hiyo, mpigie wa Houston. Mshukuru kwa kuweka nafasi, maana alifanya kazi ambayo ninyi hamkuifanya, kisha umsomee hesabu ya maili na ratiba ya siku tisa na moja. Umwambie pia kwamba neno "abiria" liondoke kundini, na kwamba ni vema aliyelisema ndiye aliondoe. Mpe mpaka mwisho wa wiki ijayo, kwa kuwa hoteli nyingi bado zinaruhusu kufuta nafasi bila gharama kukiwa na muda, na vyumba vya Tucumcari katika mwaka huu wa miaka 100 havitawangoja.

Akikataa, usigombane naye. Apande ndege awasubiri Los Angeles kwa siku zake nne, na mchango wake wa gari aondolewe. Ninyi watatu badilisheni nafasi ya gari mchukue dogo zaidi kabla hamjalilipia, na gharama ya mafuta iandikwe upya kwa watu watatu.

Shangazi